Kuchanga fedha na wenzako kununua jengo: faida yake hasa ni ipi?

SWALI: Nina akiba niliyoikusanya kwa miaka kadhaa. Nikiwa peke yangu inatosha kiwanja kidogo na chenji kidogo. Wenzangu watatu kazini wananishawishi tuunganishe fedha, tuongezee mkopo wa benki, tununue jengo la fleti nane la kupangisha. Mama yangu hataki hata kulisikia jambo hili. Anasema mali ya watu wengi ni ugomvi wa watu wengi. Mbali na kupata jengo kubwa, kuna faida gani ya kweli katika kuchanga? Au nitulie ninunue changu mwenyewe? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Ndugu yangu, wengi wakiulizwa swali hili hujibu kwamba mkichanga mnanunua kitu ambacho mmoja wenu asingekifikia. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ndogo. Faida kubwa huonekana baadaye, mambo yanapokuwa magumu: kundi lililojipanga lina uwezo wa kuvumilia miezi mibaya ambayo ingemlazimisha mtu mmoja kuuza. Jengo haliuziki kwa siku moja. Anayeliuza akiwa amebanwa na deni, na mnunuzi akajua kwamba amebanwa, hupewa bei ya kuonewa. Kwa hiyo katika biashara hii anayefaidi mara nyingi ni yule aliyeweza kukaa na mali yake mpaka wakati wake wa kuuza ukafika.

Tuliweke katika hesabu. Chukua mtu aliyenunua fleti moja kwa mkopo. Tuseme kodi ya pango ya mwaka mzima, fleti ikiwa na mpangaji miezi yote 12, ni 100. Marejesho ya benki yanachukua 60. Matengenezo, bima, kodi za serikali na gharama ndogondogo zinachukua 25. Anabaki na 15. Mpangaji akihama na fleti ikakaa tupu miezi mitatu, mapato yanashuka hadi 75, ilhali gharama zimebaki palepale au karibu na hapo, 85. Pengo la 10 analiziba kwa mshahara wake. Kama katika miezi hiyohiyo mshahara umechelewa au nyumbani kuna mgonjwa, ameanza kudaiwa na benki, na mlango wa kuuza kwa hasara umefunguka.

Sasa fanya hesabu zilezile kwa jengo lenu la fleti nane. Safari hii 100 ni kodi ya jengo zima kwa mwaka, na mna jumla ya miezi 96 ya kupangisha. Fleti moja ikikaa tupu miezi mitatu, mmepoteza miezi 3 kati ya 96, kama asilimia 3. Mapato yanakuwa takriban 97, gharama 85, mnabaki na 12, na benki haina habari kwamba kuna mtu aliyehama. Hata kila fleti ikikaa tupu mwezi mzima kila mwaka, mmepoteza asilimia 8 hivi, na marejesho bado yanalipika kutoka kwenye kodi yenyewe.

Naomba uliangalie jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo watu hudanganywa. Kuwa wanne hakupunguzi wastani wa miezi mitupu. Wapangaji watahama kwa kiwango kilekile wanachohama kwa mtu mwenye fleti moja. Kinachopungua ni uwezekano wa pigo zima kukuangukia mwezi mmoja. Na hata hilo lina mpaka wake: kama wapangaji wote wanane wanafanya kazi katika kiwanda kimoja cha jirani, kikifungwa, fleti zote zitakuwa tupu pamoja, na wingi wenu hautasaidia kitu. Kabla hamjanunua, ulizeni wapangaji waliopo wanafanya kazi wapi. Swali hilo lina uzito kuliko rangi ya kuta na vigae vya bafuni.

Faida ya pili iko kwenye gharama. Wakili anayekagua hati miliki ya fleti moja na yule anayekagua ya jengo zima hufanya kazi inayokaribiana. Mthamini anakuja mara moja. Paa ni moja kwa fleti zote, tangi la maji ni moja, fundi akija kuziba bomba la ghorofa ya chini anapanda na kuangalia la juu. Gharama za namna hii zikigawanywa kwa fleti nane kila moja inabeba kidogo. Tena, mara nyingi jengo zima hununuliwa kwa bei nafuu kwa kila fleti kuliko fleti ikiuzwa moja moja, kwa sababu wenye uwezo wa kulinunua zima ni wachache na muuzaji hana foleni ya wateja mlangoni.

Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu, nami naithamini sana. Watu wanne wakikaa mezani kabla ya kununua, mmoja wao atauliza swali ambalo mwingine, kwa kulipenda jengo, hakutaka kuliuliza. Kwa nini anauza? Mbona bei iko chini? Huu ufa ni wa plasta au wa msingi? Mtu peke yake akishalipenda jengo huacha kulikagua; huanza kulitetea. Na baada ya kununua, fedha iliyofungwa pamoja na za wenzako huwezi kuichomoa kwa hamu ya siku moja. Wako watu ambao akiba yao ya kwanza ya maana ni ile ambayo hawakuweza kuigusa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1775 katika mji wa Birmingham, Uingereza, watu waliokuwa wakikutana katika nyumba ya wageni ya Richard Ketley waliunda chama cha ujenzi: kila mwanachama alitoa mchango wake kwa vipindi, na mfuko ukajenga nyumba za wanachama kwa zamu. Vyama vya namna hiyo vilienea, na vile vya mwanzo vilikuwa na kanuni ambayo ningependa kila kundi la leo liige: vilikuwa na mwisho. Mwanachama wa mwisho akishapata nyumba, chama kilivunjwa. Waliokuwa wakiingia walijua tangu siku ya kwanza watatokaje.

Kutoka, basi. Mama yako hajakosea, na ugomvi anaouogopa karibu kila mara huanzia hapa. Watu hutumia miezi kupanga namna ya kuingia na hawatumii hata jioni moja kupanga namna ya kutoka. Halafu mmoja anahamishwa kikazi, mwingine anataka fedha za harusi, wa tatu anafariki na warithi wake hawawajui ninyi wala hawajui mkataba. Hapo kila mtu ana haki yake, na jengo moja haligawanyiki vipande vinne vya kubeba mkononi.

Mambo ya kukubaliana ni haya. Anayetaka kutoka awape kwanza wabia wenzake nafasi ya kununua fungu lake kabla ya kulitembeza kwa mtu wa nje. Bei isikisiwe na yeyote kati yenu. Ipangwe na mthamini huru, na mkubaliane mapema ni nani atakayemchagua na nani atakayemlipa. Wanaobaki wapewe muda wa kulipa, tuseme kwa awamu ndani ya mwaka mmoja au miwili, la sivyo kutoka kwa mmoja kutawalazimisha wote kuuza, na ile faida ya kuvumilia niliyoieleza mwanzo imekwisha. Wekeni pia kipindi cha mwanzo ambacho hakuna anayeruhusiwa kutoka isipokuwa kwa msiba au ugonjwa mkubwa. Miaka mitatu hadi mitano ni kiasi cha busara, kwa sababu gharama za kununua na kuuza huhitaji muda kurudi. Mkinyamaza kuhusu haya yote, sheria haitanyamaza: katika nchi nyingi mbia mmoja anaweza kwenda mahakamani kuomba mali igawanywe au iuzwe, na bei ya mauzo ya namna hiyo mara chache humfurahisha mtu.

Usidhani kusoma vifungu vya kutoka ni kazi ya maskini wanaoogopana. Mwaka 1961 jengo la Empire State la New York lilinunuliwa kwa sehemu kwa fedha za kuchanga. Lawrence Wien na wenzake waliuza mafungu 3,300 ya dola 10,000 kila moja, wakakusanya dola milioni 33 kutoka kwa watu wengi ambao hakuna hata mmoja angeweza kulinunua jengo lile. Walipokea gawio kwa miongo mingi. Lakini mkataba wao ulikuwa na kifungu kwamba maamuzi fulani makubwa yakiungwa mkono na asilimia 80 ya kundi, anayeendelea kukataa anaweza kununuliwa fungu lake kwa dola 100. Miaka ya 2010, ulipokuja mpango wa kuliingiza jengo katika kampuni ya soko la hisa, kifungu hicho kiliamka. Waliopinga walienda mahakamani, na mahakama ya jimbo la New York ikaamua kwamba kifungu ni halali, maana kilikuwa kimeandikwa tangu mwanzo. Somo kwako ni moja tu: usisaini ukurasa ambao hujausoma kwa sababu wenzako watatu wameshausaini.

Sasa deni. Hili ndilo ambalo ningekaa nalo mbele ya wenzako mpaka wote walielewe. Mkikopa pamoja kwa majina yenu, benki kwa kawaida huweka sharti kwamba kila mmoja anawajibika kwa deni lote. Halisemi robo. Wawili wakishindwa kulipa, benki haina haja ya kuwatafuta. Itakushika wewe mwenye mshahara unaoonekana. Wengine hukimbilia kusajili kampuni wakiamini kwamba deni litaishia kwenye kampuni. Kisheria kampuni ina dhima yake, lakini benki inayoikopesha kampuni changa ya watu wanne mara nyingi hudai dhamana binafsi ya kila mwenye hisa, na ukishaitia saini umerudi palepale. Kwa hiyo kabla ya kukubali mbia, jiulize kama ungekubali kumdhamini mtu huyo kwa mkopo huu akiwa peke yake. Kama jibu ni hapana, usiingie naye, hata awe rafiki wa miaka mingi kiasi gani.

Na mkope kidogo kuliko mtakavyoruhusiwa. Ukiitazama tena hesabu ya 100, utaona marejesho ya 60 yanawaacha mkiwa na nafasi ya kupumua. Yakifika 75, jumla ya gharama ni 100, na mwezi wowote mtupu unatoka mifukoni mwenu. Kundi lililokopa mpaka ukingoni limejinyima kile kilicholifanya lichange.

Uvumilivu huo pia haujitokezi wenyewe. Unatengenezwa kwa mfuko wa dharura. Tengeni sehemu ya kodi kila mwezi kabla ya mtu yeyote kupokea gawio, mpaka mfuko ufikishe angalau marejesho na gharama za miezi sita. Mwaka wa kwanza, kama mimi ningekuwa mshauri wenu, msingegawana chochote. Najua hili linauma, hasa kwa mbia aliyeingia akitegemea kuongeza kipato mara moja. Ni vizuri limuume sasa, kabla ya kununua, ili kama hawezi kusubiri mjue mapema.

Kuhusu umbo la umiliki, nchi zinazofuata sheria za asili ya Kiingereza zina aina mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana sana mtu anapofariki. Katika aina ya kwanza wote mnamiliki kitu kizima bila mafungu, na mmoja akifa, haki yake inakwenda kwa wabia waliobaki. Watoto wake hawapati kitu. Katika ya pili kila mmoja ana fungu lake linalotajwa, robo au theluthi, na fungu hilo linarithiwa. Mume na mke huchagua ya kwanza kwa sababu nzuri. Wafanyakazi wenza wanne karibu daima wanahitaji ya pili, na iandikwe wazi. Kama michango yenu si sawa, mafungu nayo yasiwe sawa. Nchini Uingereza na Wales, kwa sheria ya 1925, majina yasiyozidi manne tu ndiyo yanayoweza kuwa wamiliki wa kisheria, wengine hulindwa kwa hati ya amana, yaani andiko linaloeleza kwamba wenye majina wanaishika mali kwa niaba yao pia. Sheria za kwenu zinaweza kuwa na mpaka wa namna hiyo au zisiwe nao, kwa hiyo muulizeni wakili jambo hilo mahususi kabla ya kuongeza mbia wa tano au wa sita. Kundi likiwa kubwa, kampuni au chama cha ushirika hurahisisha mambo: jengo ni la chombo kimoja, na mtu akitoka hisa zinabadilika bila kugusa hati.

Uendeshaji nitauzungumzia kwa kifupi. Akaunti ya jengo iwe peke yake, na fedha zitoke kwa saini mbili. Kila mbia aweze kuona taarifa ya benki wakati wowote bila kuomba. Kama mmoja wenu ndiye atakayefuatilia wapangaji na mafundi, alipwe kwa kazi hiyo kiasi kinachojulikana. Anayefanya kazi bure kwa mwaka mzima huanza kuamini kwamba jengo ni lake zaidi, na hana makosa kuhisi hivyo. Ninyi ni wanne, kwa hiyo kura zinaweza kugawanyika mbili kwa mbili. Amueni mapema ni nani atakayevunja sare, awe wakili wenu au mtu wa nje mnayemheshimu wote.

Kama baada ya kusoma haya umeona moyo wako unasita juu ya watu hawa watatu, lakini wazo la kuchanga bado linakuvutia, kuna njia ya kuchanga na watu usiowajua kabisa. Mwaka 1960 Marekani ilipitisha sheria ya mifuko ya uwekezaji wa majengo ambayo hisa zake huweza kuuzwa sokoni. Mfuko wa aina hiyo lazima uwe na wanahisa wasiopungua 100, na hugawa kwa wanahisa angalau asilimia 90 ya faida yake inayotozwa kodi. Nchi nyingi zimeiga mfumo huu kwa masharti yao. Unaingia kwa fedha kidogo, humjui mpangaji hata mmoja, hudhamini mkopo wa mtu, na siku ukihitaji fedha unauza hisa zako. Gharama yake ni kwamba huna sauti katika maamuzi, unalipia mameneja, na bei ya hisa hupanda na kushuka na soko hata jengo lenyewe likiwa limejaa wapangaji.

Ila usichanganye hisa zinazouzwa sokoni na mifuko mingine ya majengo ambayo unapotaka kutoka lazima mfuko wenyewe ukurudishie fedha. Julai 2016, baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, wawekezaji wengi walitaka fedha zao kwa pamoja, na mifuko kadhaa mikubwa ya majengo huko ikasimamisha malipo. Sababu ni ileile: jengo haliuziki kwa siku moja, hata kama fomu uliyojaza inasema unaweza kutoa fedha kila siku. Vivyo hivyo kwa majukwaa ya mtandaoni yanayokusanya michango midogo kununua nyumba. Yako ya kweli, na yako ya matapeli. Anayekuahidi faida ya kiwango fulani kila mwezi bila kukuonyesha jengo, hati, wapangaji na leseni kutoka mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, usimpe hata sehemu ya kumi ya akiba yako.

Sasa nije kwako moja kwa moja. Kiwanja chako si wazo baya. Hakidaiwi, hakina mpangaji wa kukusumbua, ni chako peke yako, na ardhi iliyo mahali pazuri inaweza kupanda thamani. Lakini hakikulipi chochote kwa mwezi, kinahitaji kulindwa, na kwa kadiri ulivyoeleza kingemeza akiba karibu yote, hivyo shida ya kwanza ingekukuta huna kitu mkononi. Jengo la fleti nane lenye wapangaji tofauti, mkopo wa wastani na mkataba wa kutoka ni bora kuliko kiwanja hicho, kwa sharti kwamba hutoi akiba yote. Baki na fedha za kuishi miezi sita nje kabisa ya mpango huu. Ikiwa fungu la robo linahitaji kila ulichonacho, omba fungu dogo zaidi, au tafuteni jengo la fleti tano.

Anza na kikao kimoja kabla ya kwenda kuliona jengo tena. Kila mmoja aje na karatasi mbili: ya kwanza ionyeshe madeni aliyonayo sasa, ya pili ieleze lini anatarajia kuhitaji fedha zake zirudi na kwa ajili ya nini. Zisomeni kwa sauti. Ukiona mmoja anataka kukaa miaka kumi na mwingine anapiga hesabu ya miaka miwili, hilo haliponywi na mkataba wowote, na ni heri mwachane hapo mkiwa bado marafiki. Zikilingana, mtafuteni wakili ambaye si wa muuzaji wala si ndugu wa yeyote kati yenu, na malipo ya awali ya jengo yasitoke mpaka mkataba wenu wa ubia uwe umesainiwa na wote wanne.